Baba, Sarafu Haikumbuki

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia hapa Pasiansi, lakini nisingethubutu kuanza bila salamu, ungenikata jicho.

Leo wanafunzi wangu wa kidato cha nne walirusha sarafu ya mia mbili darasani, ile yenye kichwa upande mmoja na simba upande wa pili. Binti mmoja alipata kichwa mara nne mfululizo, akapiga kelele, "Mwalimu, sasa ni zamu ya simba!" Nikageukia ubaoni wasione uso wangu, kwa jinsi nilivyokukumbuka.

Wewe nawe uliamini zamu. Mama alizaa mabinti wanne, ukawatangazia watu wote pale Usagara kwamba wa tano ni dume, hapana ubishi. Ukanunua beberu wa sherehe mapema, ukaandaa na jina la babu, Masanja. Kisha nikaja mimi. Beberu akarudishwa mnadani, jina likawekwa akiba, na baba mdogo akaanza kukushawishi uoe mwingine, eti mama yetu hajui kuzaa wanaume. Hukuoa, lakini ulimnunia Mama kwa miaka. Nami nilikua nikijiona nimekalia kiti cha mtu.

Unakumbuka jioni ile ya mvua, nami nikiwa kidato cha nne? Nilikuwa mkekani na sarafu ya mia mbili, nafanya zoezi la shule. Kichwa kikaja mara nne. Ukasogea.

"Sasa simba," ulisema. "Lazima."

Nikarusha. Kichwa.

"Hii imerogwa."

"Haijarogwa, Baba. Haikumbuki tu. Ukirusha mara nyingi sana, vichwa vitakaribia nusu. Lakini sarafu haijui kilichotangulia. Kila ukirusha, ni nusu kwa nusu upya."

Ukaigeuzageuza sarafu kiganjani. Kisha ukamwita Mama, aliyekuwa jikoni: "Mama Neema! Nilikudai kitu ambacho hakikuwa mikononi mwako. Nisamehe."

"Leo ndiyo umekumbuka? Njoo ule, ugali unapoa."

Lakini alipoingia na sahani macho yalikuwa yamelowa, na siku hiyo kuni hazikuwa na moshi. Ukanirudishia sarafu yangu, ukasema taratibu, "Na wewe hukukosea njia." Sijui kama ulijua ulichonipa, Baba. Nilikula ugali ule nikiwa mtu mwingine.

Sasa nina mabinti watatu na mimba ya miezi minane. Mama mkwe ameshapiga hesabu: "Safari hii dume, zamu imefika." Nacheka naye. Ila mimi ninayefundisha haya kila mwaka, kuna wakati najikuta nahesabu kama ulivyohesabu wewe. Kujua hakuzuii kutamani. Ninachoogopa ni mtoto kufika akute nyuso zimeanguka, kama zilivyoanguka kwangu.

Kwa hiyo nimemwomba daktari asiniambie chochote, na mimi na mume wangu tumeshakubaliana. Jina la babu limekaa akiba vya kutosha. Akija mvulana, ni Masanja. Akija binti, ni Masanja. Darasani, jambo lenye uhakika kamili tunaliandikia uwezekano wa moja, na hili nimeliandikia moja.

Beberu nimeshamnunua, yuko nyuma ya nyumba anatafuna kanga yangu. Safari hii, Baba, harudi mnadani.

Pumzika salama.

Mimi,
Binti yako wa tano