Nilimsakafia Mama Uwanja, Maji Yakaingia Chumbani

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla mvua hazijarudi, maana mimi ni fundi wa zege, kazi yangu ni kusakafia nyua za watu, na miaka miwili iliyopita nilimpa mama yangu zawadi, nikafukia kile kidimbwi cha nyuma ya jiko kilichojaa vyura, nikasakafia uwanja wote ukuta hadi ukuta, ukang'aa, na tangu hapo kila mteja nampeleka kwa mama akaone kazi, ila mvua za siku hizi si zile tulizozizoea, ya mwezi mzima inamwagika kwa saa moja, na msimu uliopita maji yaliingia chumbani kwa mama hadi kwenye godoro, nikainua kizingiti, yakapitia mlango wa jikoni, na sasa mama amefunga nguo zake anahamia kwa dada yangu, nami nilipomwambia nitaongeza zege akanijibu, "Vyura walikuwa na adabu, mwanangu. Walikaa nje na maji yao." Nikivunja kazi yangu mwenyewe wateja watanicheka, nisipovunja mama anaondoka, nifanyeje?

Fundi Kiwiko

Marahaba, Kiwiko. Mpe mama pole zangu.

Zawadi uliitoa kwa moyo, hilo sina shaka. Lakini uliingia uwanja ule ukadhani mama anaishi peke yake. Maji yalikuwa na mahali pao, vyura nao, na udongo ulikuwa unakunywa kimya kimya. Uliwafukuza wote bila notisi, leo unashangaa maji yanapobisha hodi chumbani. Mvua zimebadilika, kweli, na hukuzibadilisha peke yako. Ndiyo maana hatuwezi kuendelea kujenga kama vile dunia ni yetu pekee. Hapa sote ni wapangaji, ila sisi watu tuna makelele zaidi.

Na hao wateja, acha nikuseme kidogo. Pale ni nyumbani kwa mama yako, umepageuza tangazo la biashara. Inasikitisha.

Jumamosi hii shika nyundo. Vunja zege hadi udongo uonekane, ubakize njia tu ili mama asiteleze, halafu fukua kidimbwi. Wateja waite siku hiyo hiyo. Atakayecheka, mwonyeshe alama ya maji kwenye ukuta wa chumba cha mama.

Usimbembeleze mama afungue mzigo wake. Mwache aende. Mvua kubwa ya kwanza ikija, lala wewe kwenye kitanda chake. Ukiamka mkavu, nenda kamchukue.