Kipimo Kwanza, Majibu Baadaye

Hamugembe,
S.L.P. 1187,
Bukoba.
14 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Aristides,

Hujambo huko Uswidi? Kifua chako kinavumiliaje baridi? Sisi huku tu wazima. Goti la bibi yako bado linamsumbua, lakini wiki iliyopita senene walipotua alitoka na ndoo kabla yetu sote. Amekuwekea kopo moja.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nikikutumia sentensi kumi, wewe unanijibu kwa kidole gumba.

Mwanangu, umenichosha. Mwezi wa sita ulituma orodha ya watu tisa wa kuitwa kupimwa ini kwa ultrasaundi. Wote wakulima wa Kaagya, hakuna hata mmoja wa visiwa vya Muleba. Mwezi wa nane wakawa kumi na wanne, kumi kati yao wa visiwani. Mwishoni mwa mwezi wa tisa, kumi na mmoja. Damu ni ile ile niliyoikusanya mimi, karani wa utafiti wako, kwa watu wale wale arobaini wenye homa ya ini B. Kilichobadilika ni namna yako ya kusawazisha hesabu. Kisha ukaniandikia kwamba namna ya pili "inapendeza zaidi kwenye makala." Inapendeza? Kwani unachagua kitenge?

Nilimwomba Daktari Elieth, anayesimamia wagonjwa wako hapa, anieleze. Akasema hizo microRNA, molekuli ndogo mno kwenye damu zinazoashiria saratani ya ini, haziwezi kuhesabiwa hivi hivi, kwa kuwa kila kichupa hutoa kiasi tofauti. Hutafutwa moja inayoaminika kuwa sawa kwa watu wote, na nyingine hulinganishwa nayo. Hilo nililielewa upesi, maana nimekulia kwenye kahawa: bila debe moja, huwezi kulinganisha mavuno ya shamba hili na lile. Ila debe ulilochagua mara ya kwanza limejaa tele ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe zikipasuka, maji ya damu huwa mekundu, debe linakua, na kila unachokipima nalo kinaonekana kidogo.

Nikafungua shajara yangu. Tarehe 6 Machi niliandika: "Vichupa kumi na vinane kutoka visiwani. Ziwa limechafuka, mtumbwi wa injini umeturusharusha kwa saa tatu. Kumi na tatu, maji yake ni mekundu kama juisi ya rozela." Vya Kaagya vilikuja kwa bodaboda, maji yake ya manjano safi. Fomu uliyonitengenezea haikuwa na nafasi ya rangi. Tarehe 8 nilikupigia nikakueleza, nawe ukajibu, "Sawa Shangazi, mashine itarekebisha." Mashine haikuwemo mtumbwini.

Ndiyo sababu watu wa visiwani walikosekana kwenye orodha ya kwanza. Si kwamba maini yao ni mazima.

Mmoja wao ni Ndalahwa, mvuvi aliyehamia huku kutoka Usukumani, baba wa watoto wanne. Tangu Pasaka amekonda mpaka mkanda wake umeongezwa matundu. Orodha ya kwanza hayumo, ya pili yumo, ya tatu hayumo. Nilipokwenda kumwambia kwamba safari imefutwa, alisema mbele ya wenzake, "Mama Edvina, mmenialika, mmenifuta. Hii ni hospitali au kamati ya harusi?" Wakacheka. Mkewe, Limi, hakucheka. Alinisindikiza hadi mtumbwini, akaniuliza polepole kama mumewe ni mgonjwa au si mgonjwa. Swali hilo nilirudi nalo hadi kwa Daktari Elieth.

Basi sikungoja orodha ya nne. Daktari Elieth alikubali tuwalete wote arobaini, kumi kila Jumanne. Juzi tumemaliza. Kila mmoja ameambiwa majibu yake na daktari mwenyewe, Ndalahwa akiwa na Limi pembeni yake.

Wewe hutaambiwa kwanza. Majibu yamo kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi na kutiwa sahihi, kabatini kwa daktari. Nyuma ya barua hii nimekunakilia rangi ya kila kichupa. Chagua kipimo. Amua vile vyekundu utavifanyaje. Andika sababu zako, weka tarehe na sahihi, unitumie. Nikishaibandika karatasi hiyo kwenye shajara, bahasha itafunguliwa, hata kama kipimo chako kitatuumbua sote. Nilikutetea kwa baba yako ulipotaka kwenda kusoma mbali. Sikukutetea ili uje uchague majibu kwa uzuri wake.

Baba yako Joackim anakusalimu, na dada yako Theopista anauliza kama makoti uliyoahidi yanashonwa bado. Bibi anakuombea kwa Bikira Maria kila jioni. Mungu akulinde, akupe afya, na akupe ujasiri wa kuandika jambo moja na kusimama nalo.

Akupendaye hata anapokukaripia,
Shangazi yako,
Edvina