Kwa Mama Pindo, Aliyeshona kwa Mguu wa Kuazima

Mwaka umezunguka, Mama Pindo, tangu asubuhi ile ulipotuaga, dirisha likiwa wazi kama ulivyopenda. Hatukutaka siku hii ipite kimya. Kazi ya kuandika nimepewa mimi mumeo, kwa niaba ya wote, maana watoto wanasema Kiswahili changu cha masomo ya jioni bado hakijachakaa.

Jina la Pindo ulipewa na mtaa. Hakuna mtoto aliyepita mlangoni kwako na pindo lililofumuka akafika shuleni hivyo hivyo. "Wewe, njoo hapa. Simama wima. Mama yako anajua umetoka hivi?" Na sindano tayari iko mkononi. Wapo waliokua, wakaoa, na hadi leo wakiikaribia nyumba yetu wanainama kuangalia suruali zao.

Chumba cha mbele kilikuwa chako: meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu chenye ufa, na cherehani ya kukanyaga uliyorithi kwa mama yako. Mimi nilikuwa na ukuta mmoja tu, wa kutundikia vyeti. Nilitoka kwenye ubebaji wa mizigo hadi usimamizi wa ghala kwa kusoma jioni baada ya kazi, na sioni haya kulitaja. Uliwaambia wateja, "Vile vyeti msiviguse, ndiyo mali yote ya mzee." Lakini kila Jumamosi ni wewe uliyevipangusa vumbi.

Kisha kikaja kisukari, na kidonda cha kidole kilichoanza kama mchubuko wa kiatu. Mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Uliomba upone, sisi tuliomba, kanisa zima liliomba. Haikuwa. Tunaandika hivyo kwa sababu hukupenda habari zipambwe.

Uliporudi nyumbani wageni waliingia na nyuso za matanga. Fundi wa mtaa wa pili, mtu mwema, aliuliza kwa upole kama tungemuuzia cherehani, maana ikikaa bure itashika kutu. Ulimjibu ukiwa umeegemea mito: "Jirani, kilichokatwa ni mguu. Cherehani haijafiwa." Naye dada mmoja wa kikundi cha maombi akakuinamia sikioni, kwa sauti iliyosikika hadi jikoni, akasema labda ungekuwa na imani zaidi kidogo.

"Imani ninayo, dada," ukamwambia. "Mguu ndio sina."

Watu walicheka. Wewe hukucheka. Sisi wa nyumbani tulijua kwamba tangu hospitali hukuwa umecheka. Uliwatania wageni vizuri, na walipoondoka ukageukia ukuta.

Kilichokuwa kikikusumbua ni magauni ya kipaimara. Kabla ya kuugua ulikuwa umepokea vitambaa vyeupe vya mabinti wote wa darasa lile. Sasa mguu uliobaki nao ulikuwa umekufa ganzi, hauna nguvu ya kusukuma kikanyagio. Akina mama wakaanza kuja mmoja mmoja. "Tumekuja kuchukua vitambaa, mama, upate kupumzika." Wa kwanza ulimpa. Wa pili alipofika ulikuwa umevirundika vyote mapajani na kuvifumbata.

"Mkivichukua hivi," ulisema, "mtakuwa mmenikata na mikono."

Aliondoka bila kitambaa, akitikisa kichwa. Hukungoja hata afunge mlango.

"Baba, njoo ukae hapa."

"Wapi?"

"Kwenye stuli. Weka mguu pale chini. Kanyaga."

"Mimi?"

"Kwani kuna baba mwingine humu ndani?"

Nikakanyaga. Gurudumu likarudi kinyumenyume, uzi ukakatika. "Unakwenda wapi, mzee? Kanisa liko mbele!" Mara ya pili nilianza vizuri, nikanogewa, nikakanyaga kama niko mashindanoni, nawe ukipiga kelele polepole, polepole. Tuliposimama, mkono wa gauni ulikuwa umeshonwa ukazibwa mdomo, hata kidole hakipiti. Ukauinua mwangani, ukautazama mbele na nyuma. "Huyu binti asiye na mkono ni wa nani?" ukasema. "Aletwe tukae naye." Kisha ukaanza kucheka. Ulicheka ukashika mbavu, hadi kitinda mimba wetu akaja mbio kutoka jikoni akidhani unalia.

Baada ya siku ile hatukukuona tena ukigeukia ukuta.

Ulifumua mshono, tukaanza upya. Mtaa haukuchelewa kunipa jina. "Shikamoo, Mota! Leo umeme upo?" Mimi, mstaafu niliyekuwa na funguo za ghala zima kiunoni, niliitikia marahaba, mguu ukiendelea. Miaka yote tulikuwa tukikutana kwenye sahani, mimi nikitoka kazini na wewe ukitoka chumba cha mbele. Sasa ilitubidi tuongee mchana kutwa: anza, simama, hapa kuna kona, taratibu. Siku moja, ukiwa umeng'ata uzi, ulisema, "Nilipokuwa na miguu yangu sikuwahi kukuona mchana." Ukaukata ule uzi. Kisha ukamtaja yule mtume aliyeomba mwiba wake uondolewe akaambiwa neema inatosha. "Zamani nilidhani aliambiwa vile ili anyamaze," ulisema. "Kumbe kuna kitu alipewa." Sikukuuliza ni kitu gani. Tulikuwa tumekaa ndani yake.

Siku ya kipaimara mabinti wote waliingia kanisani wamevaa magauni yako, hata yule ambaye mama yake alikuwa amechukua kitambaa, kisha akakirudisha mwenyewe. Ulikaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na mlango, macho yako yako chini kwenye mapindo. Mchungaji akakuuliza kama umeona nyuso zao zilivyong'aa. "Nyuso wataziangalia mama zao," ulimjibu. "Na wewe, kifungo cha koti lako kinaning'inia kama jino la mtoto. Upite nyumbani." Alipita.

Macho yalipofifia, kitinda mimba akawa anakutungia uzi. Ukajisifu kwa wateja kwamba wewe ni fundi mmoja mwenye watu watatu. Mikono ilipoanza kutetemeka, ulimketisha yeye mbele ya sindano, ukabaki na maneno tu: "Usikivute kitambaa. Kiongoze." Kila kilichokupungukia ulimkabidhi mtu. Hatusemi maumivu yalikuwa madogo. Ziko siku ulimwambia Mungu waziwazi, sisi tukisikia, kwamba umechoka. Halafu unauliza kama kuna suruali inayosubiri.

Baada ya mazishi fundi wa mtaa wa pili alikuja tena. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, asijue aanzie wapi. Kitinda mimba akamtangulia. "Karibu, fundi. Sasa imefiwa, ndiyo. Lakini ina kazi." Yule mzee alitikisa kichwa, machozi yanamtoka huku anacheka, akaenda kwake na kurudi na boksi la nyuzi nyeupe.

Binti yako huyu ana miguu miwili mizima. Kwa kushona hana haja nami. Hata hivyo kila siku baada ya chakula cha mchana anavuta ile stuli na kuniita, "Mota, umechelewa kazini." Naketi, naweka mguu. Siku hizi gurudumu halirudi nyuma, mama. Linakwenda mbele, uliko.

Unakumbukwa na mimi mumeo, ninayeitika jina la Mota. Na wanao: dereva wa lori, muuguzi, na kitinda mimba aliye fundi sasa. Na wakwe zako. Na wajukuu, pamoja na mdogo uliyemwacha tumboni. Na dada yako. Na kikundi cha maombi, akiwemo yule dada, ambaye hakosi kuja. Na mtaa mzima.

Daima, Mama Pindo, tutakukumbuka, na mapindo yetu yako sawa.