Chumvi Tuliyomnyima Mama

Makina, Kibera,
Nairobi.
17 Juni 2025

Mpendwa dada Malika,

Assalamu alaikum. Mko aje huko Doha, joto limewapunguzia? Mimi mwili uko sawa, lakini kichwa bado kinavuma, wallahi.

Unakumbuka mwaka jana Mama alitoka kliniki akasema ana presha? Tukamkatia chumvi, hata kwa supu, na akanung'unika mwaka mzima. Basi wiki iliyopita watafiti wa moyo walikuja ukumbi ule wa karibu na Nyayo Highrise, wakitafuta wazee. Nikampeleka, nikidhani ni mambo ya presha yake.

Walimbandika waya kifuani, wakamwonyesha picha kwa skrini, zingine safi, zingine zenye ukungu. Binti mmoja, Celine, alinieleza kwamba mtu akikaza macho na hana hakika anaona nini, moyo hupunguza mwendo kidogo, kama mtu anayenyamaza ili asikie vizuri. Mama alijibu kila picha haraka haraka, "Naona!" Kumbe moyo ulikuwa unapunguza mwendo kwa zote, hata ile ya kikombe iliyo safi kabisa. Na kikombe alikiita paka.

Malika, nilicheka! Halafu nikaona Celine hacheki.

Akasema yeye si daktari, ila tumpeleke Mama akapimwe macho. Daktari wa macho akasoma kadi yake ya kliniki ya mwaka jana, akauliza mbona dawa hatumii. Imeandikwa presha ya macho! Presha ya macho, Malika, na sisi tunaficha chumvi! Jicho la kushoto limeenda, halirudi. La kulia linaona katikati tu, na amepewa matone ya kulizuia lisiishe.

Nilimfokea Mama, Mungu anisamehe. Akasema wasioona vizuri ni sisi, si yeye, kisha akalia.

Ile picha ya mtoto uliyotuma Idi, Mama akasema anafanana na marehemu Baba? Nimekumbuka jana. Nilipompa simu ashike, ilikuwa imeisha chaji, skrini nyeusi tii.

Salamu kwa shemeji Ramzy, na umbusu Taha mdogo. Allah awalinde njiani, kwa sababu mnakuja sasa hivi, usiniambie habari za kungoja Desemba. Mama anasema ujifunge ile nguo yako ya gurbaba ya manjano. Rangi hiyo bado anaiona.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Fahima