Msokoto Ulioniachia Kwenye Mkono wa Greda

Rafiki yangu Dekow,

Salamu zangu zikufikie huko ulikolala. Ungekuwa hapa ungeshanikatiza. Ungesema, "Warran, Bakari," yaani habari kwanza, na usingenimiminia hata chai kabla sijazitoa zote. Ndivyo mlivyo nyinyi. Wawili wakikutana porini na ngamia wao hawapishani hivi hivi, lazima wasimame wapeane habari: mvua imenyesha wapi, nani kazaa, nani kafa. Mimi mtu wa Mombasa nilikuwa nikidhani ni umbea tu. Sasa habari zimenijaa kifuani na sina wa kumpa. Ndiyo maana nimekaa hapa uani kwenye karakana yetu ya mtaa wa Iftin, kwenye lile gogo lako kando ya tanuri, naandika. Sheikh alinisikia nikisema nataka kukuandikia, akaniambia dua inatosha. Dua naomba, Dekow. Lakini dua haina nafasi ya kueleza mambo ya greda.

Nianze na mji. Mvua ilikatika hatimaye. Mto Tana umerudi mahali pake na mashamba ya tikiti huko chini yamebaki tope tupu. Barabara zote zilikatika, ya Nairobi na ya Liboi, na sukari ikawa ya kutafutwa kama dawa. Mkeo yuko eda, amevaa nyeupe, hatoki, lakini chai ya alasiri bado anaileta mtoto kutoka kwake kila siku, gilasi mbili. Nimemtumia salamu mara ngapi kwamba niko peke yangu, moja inatosha. Haachi. Basi nakunywa ya kwangu, halafu naikodolea macho ya kwako mpaka ipoe, halafu naimwaga mchangani kama mwendawazimu.

Kukulaumu nako nimekulaumu, usidhani. Nani alikutuma usimame nje? Mlikuwa mnakwenda njia ya Liboi, wewe na Noor, dereva wa greda ya barabara, kutazama tingatinga lililokwama. Kibandani mlikuwa na nafasi. Lakini wewe lazima usimame kwenye ngazi ya kupandia, umeshikilia chuma, upate kusikia mashine inavyolia. Mlipofika kwenye ile laga, korongo linalojaa maji ya mvua, ukingo wa barabara ulikuwa umeliwa na maji kwa chini. Ukakatika, greda ikalala ubavu, na wewe ulikuwa upande wa chini. Noor alitoka mzima.

Mjini wakasema Noor alikuwa akienda huku kisu cha greda kimeshuka, uvivu wa kukiinua, kikakwama mahali kikaipindua mashine. Nikaamini palepale. Nilitaka awepo mtu wa kumchukia, na yeye alikuwa karibu.

Wazee wa kwenu na wa kwao walikaa, wakazungumza weee, wakamaliza kwa utaratibu wenu. Noor akasamehewa, fatiha ikasomwa, watu wakapeana mikono. Mimi nilikuwa nje pale kwenye viatu. Sikulalamika, maana mimi si wa ukoo. Lakini tumekula sahani moja tangu kampuni ile ya barabara iondoke ikaniacha hapa na mashine yangu ya kuchomelea, na hakuna aliyeniuliza kama mimi nimesamehe. Nilikuwa na jibu langu tayari, tena baya.

Na mama yako alikuwa Liboi. Habari za kifo alizipata kwa redio ya polisi, kwamba mwanao amefariki, basi. Amefariki vipi, alisema nini, nani alimfumba macho, hakuna aliyeweza kufika kumwambia. Tukakuzika jioni ileile bila yeye. Alituma maneno kwa redio ileile kwamba barabara ikipitika tu anakuja, kwa sababu kifo amekisikia lakini habari bado hajapewa. Maneno hayo nimelala nayo usiku mwingi.

Na barabara ingepitikaje? Greda ya kuisawazisha ndiyo hiyo iliyokuua. Waliivuta ikarudi mjini, wakafungua ule mkono wa pembe tatu unaobeba kisu, wakautupa hapa uani pamoja na kisu chenyewe. Umepinda. Kipuri kipya hakiwezi kutoka Nairobi, wakasema, Bakari, ni wewe tu. Nikakitazama kile chuma, Dekow, nikaingia ndani nikafunga mlango. Nilijisikia kama nimeletewa aliyekuua nimfunge bandeji.

Nilitoka kwa ajili ya mama yako. Si kwa ajili ya barabara wala ya mtu mwingine.

Mkono ulikuwa umeumia mara mbili. Mbele, karibu na pale unaposhikana na pua ya greda, ulipinda kwenda juu. Nyuma, upande wa kisu, ulisokoteka kama mtu anayekamua nguo. Wewe ungefanya nini, najua. Usingegusa kitu. Ungemwita dereva, ungemketisha kwenye ndoo, ungesema warran, kisha ungekaa kimya mpaka aseme yote: alikuwa anatoka wapi, gurudumu gani liliingia kwanza, alisikia nini, akafanya nini, mwisho ikawaje. Mara ngapi nilikuona na nyundo mkononi, chuma kimeshakolea, nikakupigia kelele kwamba makaa yanaisha, na wewe unamsikiliza dereva anavyoeleza mke wake alimpikia nini siku hiyo. Ukanijibu kwa matamshi yako, "Bole bole, mla samaki. Kwanza hapari." Halafu ukishapata yote unaanza kunyoosha kutoka nyuma. Pigo la mwisho ndilo la kwanza kufunguliwa, kisha la kabla yake, mpaka ufike pale ajali ilipoanzia. Ulisema chuma kikishapinda kinakuwa kimefunga mlango nyuma yake, huwezi kukitoa kwa mlango mwingine.

Mimi sikumwita dereva. Noor alikuwa palepale, anakuja kila siku baada ya alasiri, anakaa nje ya ua chini ya ukuta, haingii, hasemi. Nilikuwa nampita na mtungi wa gesi begani kama simwoni. Nikajiambia, mpindo wa mbele ndio mkubwa, ndio unaoonekana, nianze nao. Nikaufunga mkono kwa minyororo kwenye tingatinga bovu lililolala hapa uani siku nyingi, nikaweka jeki, nikachoma. Ukanyooka vizuri kabisa. Nikatabasamu peke yangu. Kisha nikavuta uzi kutoka ncha hadi ncha nikaona msokoto wa nyuma umezidi kuliko nilivyoukuta. Nikarudia upande ule, kukaharibika huku. Kijana anayenizungushia feni akakimbilia ndoo ya maji apoze, nikamzuia kwa sauti yako, "Maji ni ya kunywa," maana chuma cha moto kikipozwa kwa maji hupasuka.

Mara ya tatu chuma kililia. Unakijua kile kilio chembamba kinachokuja kabla ya ufa. Nikazima gesi, nikakaa chini. Kingepasuka, hakuna mkono mwingine, hakuna barabara, na mama yako angebaki Liboi na neno moja la redio mpaka afe nalo. Nililia, ndugu yangu. Nililia nimevaa miwani ya kuchomelea, ikajaa maji.

Nilipoivua nikatoka nje ya ua. Noor alikuwa palepale ukutani. Nikasimama mbele yake. Nikasema, "Warran."

Alinitazama kama ambaye hakusikia. Halafu akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kumbe tangu siku ile hakuna aliyemwuliza. Wazee waliuliza mambo ya wazee, nani alikuwa na nani, wapi, saa ngapi, nani shahidi. Wengine walimkwepa kama mimi. Mtu wa kwenu, amebeba habari kubwa namna ile, na hakuna wa kumwambia lete. Nikamwingiza uani nikamketisha kwenye ndoo. Ile gilasi yako ya chai ilikuwa haijapoa, nikampa yeye.

Akatoa habari kwa Kiswahili chake. Alisema kisu kilikuwa juu wakati wote. Gurudumu la mbele ndilo lililoingia kwanza, pua ikashuka ikagonga mawe ya kalvati, hapo mkono ukapinda mbele. Greda ikaanza kuteleza ubavu kwenda lagani. Na wewe pale nje, mwanamume wa watu, badala ya kuruka ulianza kumfundisha kazi. Nakuandikia alivyosema, sijabadilisha kitu: "Dekow nasema, shusha kisu, Noor, shusha. Mimi nashusha. Kisu nashika udongo, greda nasimama kidogo. Nasema, toka na juu. Mimi natoka na juu. Yeye iko chini."

Hapo akaiweka gilasi mchangani.

Nikaenda kukitazama kisu, maana hukunifundisha kuamini mdomo peke yake. Kama kingekuwa kimekokotwa barabarani, mikwaruzo ingelala kuelekea nyuma. Ilikuwa imelala upande, yote, mirefu na mipya, kuelekea bondeni. Kisu kiliuma udongo mashine ikiwa inateleza, kikaning'iniza greda nzima kwa muda ule, na uzito wote ukapita kwenye mkono, ukausokota. Ule msokoto wa nyuma ndio ulikuwa pigo la mwisho. Ni wewe uliyeuagiza. Noor aliokoka katika muda uleule ambao chuma hiki kilikuwa kinasokoteka.

Basi huo ndio niliotakiwa kuanza nao. Dekow, nilitamani niuache. Watu wana kaburi lako, mimi nilikuwa na kile chuma, na jambo la mwisho ulilolifanya duniani lilikuwa limeandikwa pale, na mimi ndiye niliyeitwa kulifuta. Niliupapasa ukiwa baridi kutwa nzima. Noor alinisubiri, hakunikimbiza. Mwishowe yeye ndiye aliyechukua koleo akaanza kuchimba handaki la makaa.

Tukauchoma kwa makaa ya mgunga na gesi pamoja mpaka ukawa rangi yako, ile ya ndani ya tikiti, tukiutazama kwenye kivuli cha turubai kama ulivyotaka. Noor alishika mnyororo, mimi jeki. Ukafunguka pole pole bila kulia hata kidogo. Kisha tukarudi kwenye mpindo wa mbele, nao ukaja kama mtu aliyekuwa anangoja zamu yake. Tukaufukia wote kwenye jivu na mchanga, tukauacha upoe wenyewe. Uzi nilipouvuta baadaye ulilala sawa. Nikatafuta mtu wa kumwonyesha, nikamwonyesha Noor.

Sikumwambia nimemsamehe. Ningemsamehe nini? Nilimwambia aje tena kesho kunywa chai, na sasa gilasi ya pili ina mwenyewe. Nikimkumbuka alivyokaa pale ukutani naona aibu. Mimi ndiye niliyemwomba msamaha.

Greda ilitoka kwenda njia ya Liboi, Noor akiendesha, akasita kidogo tu kwenye ile laga, akapita. Amerudi. Malori yameanza kuingia. Na kesho, inshallah, mama yako anaingia kwa lori la mbuzi. Atafikia kwa mkeo, na baada ya alasiri tumeitwa, mimi na Noor. Atauliza neno moja, na mimi ndiye nitakayejibu, kwa sababu Noor ameniomba nianze.

Naogopa, nakuambia kweli. Chuma nilianza na mwisho. Mama hapewi habari hivyo. Kwake itabidi nianze asubuhi, ulivyokunywa chai ukamaliza sukari yangu kukiwa hakuna sukari mjini, ulivyonicheka kwa ajili ya yule samaki mkavu niliyetumiwa kutoka nyumbani ukasema unanusa jini. Ulivyopanda ngazi ya greda ukageuka. Neno lako la mwisho kwangu lilikuwa, "Ile baketi usiguse, dereva yake bado kutoa hapari." Ilikuwa baketi ya shavoli, ile ndoo kubwa ya chuma ya kuchimbia udongo, imelala hapa uani. Nilikujibu kwa mkono tu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa mkate.

Najua angependa liwe neno kubwa kuliko hilo, la wosia, la dini. Na mimi ningeweza kulitunga, mama angelia kidogo akaondoka ametulia. Sitatunga. Nitamwambia la baketi, kisha nitamwachia Noor amwambie la kisu, lote, mpaka pale "yeye iko chini", na nitahakikisha hakuna atakayemkatiza. Kunyoosha ni kwa chuma tu. Habari ya mtoto wake nitampa mama ilivyopinda.

Lala salama, walaal, ndugu yangu. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na nyingine ni hii: hakitaguswa chuma hapa kabla mtu hajaulizwa. Baketi bado iko pale ulipoiacha. Kuku wa jirani ametagia ndani. Mama akishapata habari zake nitamtafuta yule dereva, nimketishe kwenye ndoo, nimwulize.

Mla samaki wako,
Bakari