Kitambaa Juu ya Mikayi

Free Area, Nakuru
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu mpendwa Trizah,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na shemeji Jamleck na Abby wetu mdogo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, ng'ombe wakitoa maziwa vizuri na baridi ya Subukia ikiwa imepungua. Je, kile kikohozi chako kilipona? Na Abby ameacha kulilia kubaki nyumbani siku za shule? Mimi mwili wangu ni mzima. Moyo ndio ulisumbua, na ndio unaonikalisha hapa na kalamu.

Najua bado umenikasirikia. Wiki tatu zilizopita nilikutumia ujumbe kwamba mume wangu ana mke mwingine, na kwamba mje na pikapu mnitoe huku. Shemeji wa watu akajaza mafuta, akatafuta hadi kamba za kufungia kitanda. Kisha jioni nikakupigia nikisema msije, nikilia na kucheka pamoja, nawe ukasema huelewi hata neno moja, nitulie, niandike yote tangu mwanzo ili hata Jamleck asome ajue mafuta yake yalienda wapi. Basi nimetulia. Ila ukurasa wa mwisho usimpe. Huo ni wako peke yako.

Kwanza nikwambie, dada, kuolewa ni kutamu! Miezi minne sasa na bado nikisikia funguo zake mlangoni naangalia kioo mbio mbio. Ooko huamka kabla yangu akapika chai. Hupiga pasi mashati yake mwenyewe. Kuna siku alinipigia simu kutoka sebuleni, mimi nikiwa jikoni, eti amenikosa. Nikamwambia Maxwel Ooko, weka simu chini, utaunguza pesa. Akasema hizo ni pesa za kuunguza.

Kazi yake unaijua, anatunza kompyuta za ushirika wa maziwa, siku nyingine akiwa hapa hapa nyumbani. Na nyumba nayo anaiendesha kama ofisi. Taa zinawaka kwa simu. Tangi lina kidude kinachosema maji yamebaki kiasi gani. Tokeni za stima zikikaribia kuisha, simu inalia. Hata mshahara ameugawa kwenye simu katika bahasha zisizo za karatasi: ya unga, ya kodi, ya kanisa, na moja aliyoiita "Mahaba", ya kunipeleka kula nyama choma Jumamosi tukilitazama ziwa. Mimi na cheti changu cha kidato cha nne nilijiona nimeolewa katika mwaka ambao haujafika.

Mimi nilileta nini? Nilileta vitambaa. Unakumbuka vile kumi na tisa nilivyofuma kabla ya harusi, rangi ya maziwa na waridi pembeni? Niliifunika nyumba yote: makochi, friji, redio, meza. Na ndani ya kabati la televisheni nilikuta sanduku jeusi lenye vitaa vya buluu, linalonguruma kama paka. Nikalifunika kwa kitambaa kikubwa kuliko vyote. Ooko akakitoa. Nikakirudisha. Akakitoa. Siku moja alisema kitu kuhusu kukosa hewa, nikadhani anataka dirisha lifunguliwe, nikalifungua. Hatukugombana. Kila mtu aliendelea na kazi yake, mimi ya kufunika na yeye ya kufunua.

Halafu Jumamosi moja akiwa anaoga, simu yake ikawaka kitandani. Sikuwa napeleleza, dada, macho yalikuwepo tu. Imeandikwa, "Mikayi ameamka." Nikakaa. Baada ya dakika chache, "Mikayi ana joto." Nikasimama. Ooko akatoka bafuni na taulo, akasoma, akakimbilia sebuleni na maji yakimdondoka. Aliporudi alikuwa anatabasamu. Nikamuuliza kuna nini, akasema kazi tu, mpenzi.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Mikayi akawa na sura. Nikamfanya mrefu, mwenye mwanya, aliyesoma chuo kikuu, anayejua kuongea na Ooko mambo ambayo mimi huyaitikia kwa kichwa. Nikanusa mashati. Nikafungua zile bahasha za simu na kumbe iko moja mwisho kabisa iliyoandikwa "Mikayi, kila mwezi", tena ilikuwa nene kuliko Mahaba! Dada, hapo niliona giza. Na kama hayo hayakutosha, nikamsikia akiongea na Kipsang, mwenzake wa kazini, akimwambia kwamba yeye na Mikayi wamekuwa pamoja miaka sita, tangu akiwa na chumba kimoja Bondeni, hawezi kumtupa hivi hivi, na mke wake hajui vile anavyomtegemea.

Mke wake ni mimi. Nilikuwa nyuma ya pazia na sahani ya viazi.

Nikaenda Bondeni kusukwa kwa Sue, yule ambaye mama yake aliuza samaki karibu na nyumba yetu ya kaunsili wakati baba yuko reli. Nikamuuliza kana kwamba nimesikia tu mahali, Mikayi ni jina la wapi. Sue akaacha kichwa changu nusu. Akasema hilo si jina, mathe, hicho ni cheo. Kwa Wajaluo Mikayi ni mke wa kwanza, mwenye nyumba kubwa, wa pili ni Nyachira. Kisha akaniangalia kwenye kioo, akauliza kwani ni nani ameolewa na nani hapa. Nilipoinuka kitini, wanawake wote wa saluni wakasema "ai!" kwa pamoja. Mmoja akaniambia pole, Nyachira, hata chakula cha wa pili huiva, kinachelewa tu. Wakacheka. Nikatoka na nusu kichwa, na nikiwa hapo nje ndipo nilipokutumia ule ujumbe wa pikapu.

Ooko aliporudi nilikuwa nimefunga masanduku mawili. Nikamuuliza Mikayi ni nani na anakaa wapi, nimsalimie kabla sijaenda. Alinitazama mimi, akatazama masanduku, akatazama nywele zangu, halafu akacheka hadi akashika ukuta. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye kabati, akatoa kitambaa changu na kusema, "Huyu hapa. Na joto lote hili ni lako."

Ni lile sanduku, dada. Ni kompyuta ya kuhifadhi mambo, ndiyo inaongoza taa na tangi, ndiyo inayotuma zile jumbe. Alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza, na Kipsang na wenzake wakamcheka kwamba ameoa, basi wakalipachika cheo cha Mikayi. Bahasha yake ni ya kulipia intaneti na stima. Na kila mara nilipolifunika lilipata joto, likamlilia kwenye simu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika zile jumbe zilizoniua. Nilikupigia hapo hapo.

Sasa, hapa mwambie Jamleck barua imeisha.

Trizah, sikupona. Ningefurahi kuandika kwamba nilicheka yakaisha, lakini mwanamke ungemshinda kwa kitu, kwa chapati, kwa kiuno. Sanduku utalishinda kwa nini? Lilijua kila kitu kabla yangu. Jumapili iliyopita maji yaliisha nikiwa jikoni na sabuni mikononi, nikafungua kinywa nimwambie Ooko, naye bila kuinua macho akasema anajua, Mikayi ameshamwambia. Niliosha mikono kwa maji ya birika.

Jumatatu akaenda Naivasha kazini. Nilifungua kabati. Nikakunja kitambaa mara nne nikakilaza juu yake, na juu ya kitambaa nikaweka blanketi letu la harusi, kisha nikafunga kabati. Nilitaka siku moja tu aniulize mimi. Saa sita simu ikalia. Ni Ooko. Akasema Mikayi ana joto sana, mpenzi, hebu angalia kama kitambaa kiko juu. Nilikuwa nimesimama mbele ya kabati. Nikamwambia hakuna kitambaa. Akasema asante, mke wangu, kama si wewe ningekuwa na wasiwasi mchana kutwa.

Saa nane nikasikia harufu. Vile vitaa vya buluu vilikuwa vimezimika.

Jioni aliketi sakafuni na sanduku mapajani. Nikamwambia stima ilipotea ikarudi kwa nguvu. Aliniamini, dada, aliniamini hapo hapo! Akasema tusihuzunike, picha za harusi ziko, kwa sababu kila mwisho wa mwezi hupeleka nakala ya kila kitu kwenye sanduku lingine nyumbani kwa Kipsang. Nikauliza hilo linaitwaje. Akaona haya. Nyachira.

Kisha akasema zilizopotea ni zangu tu. Zile salamu za sauti ninazomtumia kila asubuhi akiwa njiani, za mwezi huu zote, zile nilizoimba, ile niliyomwambia sitamshuku tena. Simu yake hujaa, kwa hivyo kila jioni alizihamishia kwa Mikayi. Lile sanduku nililolichukia lilikuwa limejaa mimi.

Wiki hii yote ananiuliza. Maji yako wapi, Nabalayo? Tokeni zimebaki ngapi? Napanda juu, nagonga tangi kwa kijiko, nampa jibu, ananibusu. Nimepata nilichotaka, na kila busu linanichoma.

Alhamisi analeta sanduku jipya na amesema jina nitalichagua mimi. Nimemuuliza Sue mke wa tatu huitwaje. Ni Reru. Litaitwa Reru, na nikilitamka litajua ni nani alitangulia.

Lakini si kabla ya kumwambia. Kitambaa kina alama ya hudhurungi katikati, umbo la sanduku lenyewe. Nilikuwa nimekikunja kwenye bahasha hii unifichie huko. Nimekitoa sasa hivi. Nimekitandika mezani mahali pake pa chakula. Ameenda kumwona jirani yetu Wanyonyi anayeumwa mguu, atarudi saa kumi na moja, na sahani nitaiweka baada ya kuongea, si kabla.

Nisalimie ng'ombe, nisalimie Abby, mwambie shangazi... la, mwambie mama mdogo anamfumia sweta. Msalimu sana shemeji, na umwambie zile kamba asizitupe hadi nitakapopiga simu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nabalayo
(Mikayi, Ooko akikubali)