Mshono Uliosimama Njiani

2 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Umekula? Mimi ni mzima kama kigingi, na ukisikia mtu anakuambia vingine, huyo ana lake. Simu ya Jumapili ilikatika, au uliikata, sijui, na tangu hapo sijakaa nikatulia. Ndiyo maana naandika. Barua haikatiki.

Nimewatangazia wote hapa chumba cha ushonaji kwamba tarehe kumi na tano Aprili unasimama mbele ya maprofesa. Mpiga pasi akaniuliza, "Kwani binti yako anasomea nini hasa?" Nikamjibu, "Damu." Akasema, "Damu ya nini?" Hapo nikakwama. Miaka thelathini na minane kwenye cherehani ya kukanyaga, halafu nikwamishwe na mpiga pasi! Niandikie upesi, tena kwa maneno ya kusomeka kwa sauti.

Gauni lako la siku hiyo nimeshalikata. La bluu, lenye marinda chini. Sitaki usimame mbele za watu na suruali.

Mama yako, aliyekuzaa bila ganzi


11 Februari

Mama,

Shikamoo. Sijambo, nimekula, na simu sikuikata mimi.

Mwambie mpiga pasi hivi. Tunamketisha mwanamke kwenye kiti, anarusha mguu mbele na nyuma, kazi kama yako ya kukanyaga. Juu ya paja tunaweka kifaa kinachosikiliza damu ikipita. Msichana akianza tu kurusha mguu, mshipa unatanuka na damu inamiminika. Mwanamke wa umri wako, hata awe mzima kabisa, mshipa wake hautanuki vile. Kazi ni ileile, lakini misuli inapata damu pungufu. Kwa nini iwe hivyo kwa wanawake, ndilo swali langu.

Na miguu yako je?

Mwanao


20 Februari

Daktari wangu,

Salama? Unalala? Sauti yako juzi ilikuwa ya mtu asiyelala.

Barua nimeisoma mara mbili, nimesimama juu ya kiti. Mama Redio, yule mshona vifungo ambaye habari haimlali tumboni, aliomba niirudie sehemu ya mshipa. Mpiga pasi kasikiliza mpaka akaunguza kola. Nikawaambia, huyo ni wangu, nilimbeba mgongoni nikishona.

Ila aliyefurahi kuliko wote ni mimi. Kuna mambo mtu unajiuliza kimoyomoyo, kumbe ni umri tu, na mwanangu ndiye aliyelijua hilo! Miguu yangu ni chuma, usiulize tena.

Gauni linaondoka leo. Nimekwenda posta mara mbili, mara ya kwanza nilisahau kifurushi. Umepata viatu? Vile vilivyolika kisigino usivivae. Niandikie likifika. Usipoandika nitakwenda kumkalia yule wa posta dirishani.

Mama yako


9 Machi

Mama,

Shikamoo. Gauni limefika na limenikaa vizuri mno. Kisha nikaligeuza ndani nje, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba nguo husomwa kwa ndani.

Ubavu wa kwanza mshono umeshuka moja kwa moja, ule wako ninaoujua. Ubavu wa pili umesimama mara mbili. Kwenye marinda nimehesabu vituo kumi na kimoja. Kila hatua chache uzi umerudi nyuma, umefungwa, umeanza tena. Wewe uliyekuwa ukizunguka sketi nzima bila kuinua mguu! Niliketi sakafuni na gauni mapajani.

Ni mguu gani? Ni kigimbi? Unabana ukikanyaga, unaachia ukipumzika?

Usinijibu kwamba ni umri. Wanawake niliokuandikia hawana ugonjwa. Damu yao ni pungufu kidogo, lakini hawasimami njiani. Anayesimamishwa na maumivu huenda mshipa wake umeziba. Hilo lina tiba. Likiachwa, mtu anaweza kupoteza mguu. Nenda hospitali, uwaambie wakupime presha ya mkono na ya kifundo cha mguu, walinganishe.

Mwanao


24 Machi

Mama,

Siku kumi na tano bila jibu. Nikipiga simu unasema mtandao mbovu, halafu nasikia cherehani nyuma yako, inakwenda, inasimama.

Nisipopata barua kufikia tarehe nane Aprili, naahirisha kila kitu na kuja. Maprofesa watasubiri.

Mwanao


30 Machi

Wewe!

Shikamoo yako iko wapi? Yaani unanitisha mpaka unasahau adabu? Thubutu kuahirisha uone. Nitakuja huko kwa mguu huuhuu mbovu nikusukumize mwenyewe mbele ya maprofesa.

Haya. Nimeshasema mbovu. Ni wa kulia, mwaka wa pili sasa.

Nilinuna, ndiyo maana sikuandika. Nilitaka gauni likuambie mama yako bado anaweza, kumbe limenichongea. Na ulivyoniandikia mambo ya umri nilishangilia, maana umri si ugonjwa, hakuna wa kukukata mguu kwa sababu ya umri. Barua yako nikaigeuza blanketi, nikajifunika.

Jumatano nilikwenda. Daktari mwenyewe ni binti wa rika lako. Nikamwambia, "Usihangaike, ni umri tu, mwanangu amelisomea." Akafunga mpira wa presha mkononi, akafunga kifundoni, akaandika. "Mama, mguu wa kushoto ni wa umri wako," akasema. "Wa kulia unapata kama nusu. Mwanao angeliitaje hilo?"

Dawa nimepewa, nameza. Na nimeandikiwa kutembea kila siku: nitembee mpaka ubane, nisimame mpaka uachie, niendelee. Eti hivyo damu hujitafutia njia nyingine za pembeni. Mwezi ujao wananipima tena. Kwa hiyo wewe kaa huko, uvae gauni, uwajibu watu wako.

Kutembea si kazi. Kazi ni kusimama. Siku zote nikibanwa barabarani nilifungua mkoba nikijifanya natafuta ufunguo, mpaka zipu imekufa. Leo asubuhi nimesimama katikati ya njia, mikono mitupu, watu wananipita. Mama Redio akatokea na kapu lake. "Mwenzangu, umesahau nini?"

"Sijasahau kitu," nikamwambia. "Nasubiri damu ifike."

Nikajua kufikia saa sita mji mzima utakuwa na habari hiyo. Lakini alitua kapu chini, akasimama kando yangu, akatazama nyuma kama kuna wa kusikia. Ndipo akaniambia, polepole, akiangalia mbele:

"Wangu mimi ni wa kushoto."

Mama yako